Barsemis, Msyria wa Mwisho katika Kikosi cha Wasyria

Leo, siku ya kwanza ya Juni, Barsemis anavua mkanda wa jeshi la Roma baada ya miaka ishirini na mitano katika Kikosi cha Kwanza cha Wapiga Upinde wa Syria, hapa kwenye ukuta wa mpaka, kaskazini mwa Britania.

Alifika na wenzake sitini kutoka Hama. Wenzake wakapungua, wengine kwa kustaafu, wengine kwa ugonjwa wa kifua. Nafasi zao zikajazwa na watu wa makabila mengine: Watungri, Wathrake na vijana wa Kibritoni wa jirani. Jina la kikosi halikubadilika.

Wote hao Barsemis aliwafundisha kuvuta upinde kwa kidole gumba, kama wavutavyo kwao. Kila asubuhi alikagua vidole vya makuruta. Asiye na sugu alirudi uwanjani. Kilatini chake kilikuwa maneno kama arobaini, mengi ya matusi, na yalitosha.

Vuli iliyopita makao makuu yalimtuma mkaguzi. Tungekosa shabaha, tungenyang'anywa pinde na kupewa mikuki. Mvua ilinyesha siku tisa mfululizo, na pinde zetu za pembe na mishipa hubanduka gundi zikilowa. Barsemis akamwaga maji yote ya bafu, akawasha moto mdogo katika tanuri la chini ya sakafu yake, akazifungia pinde bafuni na kuketi mlangoni. Siku tisa hakuna aliyeoga.

"Mzee, pinde zinaota joto, sisi tunanuka kama mabeberu!" alilalamika Gambax, Mtungri.

"Wewe ulinuka hata kabla ya mvua. Toka hapa."

Mkaguzi alipita mstarini pamoja na akida wetu, akitazama nywele nyekundu na macho ya kijivu.

"Akida, Wasyria wako wapi?"

"Ndio hawa, afande."

"Huyu?"

"Mbritoni, afande. Kwao ng'ambo ya mto."

"Na yule?"

"Mthrake."

"Haya, wapige tuone."

Mishale mia moja ilirushwa. Tisini na mmoja ikapata shabaha. Mkaguzi alishika kidole gumba cha Gambax, akakigeuzageuza, kisha akaandika: "Ni Wasyria. Wabaki na pinde zao."

Barsemis amepokea bamba lake la shaba la uraia wa Roma na anahamia kwa mkewe Vacia, nje ya lango la kusini. Kesho kikosi hakitakuwa na Msyria hata mmoja aliyezaliwa Syria. Makuruta kumi na wawili wanawasili kutoka Hispania, na Gambax ndiye atakayewakagua vidole.

Asante, Barsemis. Uzee wako uwe mwema, na mrefu.