Siku Niliyoikataa Dira

Wazazi wangu, mchungaji wetu, na nyinyi vijana mlioketi hapo mbele na fomu zenu za kadeti mkononi. Mungu amenifikisha leo nikiwa mzima, na hilo nalisema kwanza kabla sijasahau. Mkiona karatasi hii inatikisika, msifunge madirisha, si upepo. Ni mimi. Nimekuwa na hofu tangu Jumatano, siku niliyoombwa nije niwaambie habari za kadeti, na leo asubuhi hata chai imenishinda kumeza, mimi niliyezaliwa katikati ya chai.

Sitataja jina la mtu yeyote. Chuo chetu pia nitakiacha. Wenye kujua wanajua, na wasiojua hawatapungukiwa na kitu.

Kwa wazazi ambao bado mnajiuliza kadeti ni nini: ni mafunzo ya kijeshi ambayo mwanafunzi anajiunga kwa hiari yake. Jumamosi wenzako wakifua nguo, wewe uko uwanjani na bunduki ya mbao, kushoto, kulia, sajini anakufokea mpaka unasahau jina lako. Hujaandikwa jeshini. Hakuna aliyetuahidi jeshi. Lakini tulikuwa tunaangalia zile buti zetu na kila mmoja anajidanganya kivyake.

Mmoja wetu hakuwa anajidanganya. Alikuwa msichana kutoka pande za Chebunyo, kwao ni ng'ombe na mahindi, chai alikuwa anaijua ndani ya kikombe tu. Yeye jeshi alikuwa analitaka kwa moyo wote. Alikuwa anakimbia anatuacha sisi wanaume nyuma tukihema, na nawaambia ukweli, hatukufurahia. Sajini alimpa dira, kwa sababu yeye ndiye aliyeielewa kuliko sisi sote. Mimi nikapewa uongozi wa kikundi cha watu wanane. Sababu ilikuwa moja tu: kwamba mimi ni kijana wa laini, zile nyumba za wachuma chai, najua mashamba.

Siku yenyewe tulikuwa na safari ya ramani. Mnaachwa mahali, mnatafuta kambi kwa ramani na dira, na saa kumi mnatakiwa muwe mmefika. Sheria ilikuwa rahisi. Mwenye dira anasema, kiongozi anafuata.

Mnajua hali ya hewa ya kwetu. Asubuhi jua, saa saba mawingu, na kabla ya saa nane mvua ya mawe ikaanza kutupiga. Tulijikunyata chini ya miti mpaka ikapungua, na ilipoisha ukungu ukashuka. Ndugu zangu, ule haukuwa ukungu wa kuzoea. Nilinyoosha mkono nikaona vidole vinaisha. Chai mbele, chai nyuma, yote urefu mmoja. Tukapanga mstari, kila mtu akashika begi la aliye mbele yake.

Sasa akina mama mnaochuma chai, nyinyi mtanielewa kabla ya hawa wengine. Mkifunikwa na ukungu huko juu shambani, mnafanya nini? Mnasimama. Mnangoja king'ora cha kiwanda cha saa nane, cha kubadilisha zamu, halafu mnaelekea kule sauti inatoka, kwa sababu kiwanda kiko juu na barabara iko hapo. Mama yangu alinifundisha hivyo nikiwa bado namfuata shambani. Na hiyo siku king'ora kikalia. Nilifurahi mpaka nikacheka kwa sauti. Nikawaambia wenzangu, twendeni, tumeokoka.

Yule msichana akanishika mkono.

"Kiongozi, dira inasema kambi iko kulia. Sauti iko kushoto."

"Dira haijui chai," nikamwambia.

"Lakini huko tutateremka. Kambi iko juu, angalia ramani."

"Njia za chai zinazunguka. Wewe ni mtu wa ng'ombe, mimi nimezaliwa hapa. Nifuate."

Akanifuata. Alikuwa na nidhamu kuliko mimi. Wale wengine sita walikuwa nyuma kwenye ukungu na hawakusikia mabishano yetu.

Kitu ambacho sikufikiria ni hiki. Ng'ambo ya mto kuna kiwanda kingine. Kule laini kwetu hakisikiki kwa sababu kilima kinazuia, lakini hiyo siku tulikuwa upande wa pili wa kilima. Saa nane zao ni saa nane zetu. Kati yetu na kile kiwanda kulikuwa na bonde, na bondeni mto, na mto ulikuwa umemeza maji yote ya ile mvua.

Chai ikaisha, tukaingia kwenye vichaka. Nikasikia maji. Hata hapo ningeweza kusema, jamani, nimepotea. Sikusema. Nikaendelea kutembea kama mtu anayejua anakoenda. Halafu udongo ukakatika.

Mimi nilishika shina la mti. Yeye alikuwa ubavuni mwangu na hakupata cha kushika. Aliteleza mpaka kwenye maji, mguu ukabanwa kati ya mawe mawili, maji yakawa kiunoni. Akaita, "Kiongozi! Shuka!" Aliita mara ngapi sijui. Na mimi, wapendwa, sikushuka. Mikono yangu ilikataa kuachilia ule mti. Niliiambia iachilie, ikakataa. Niliona maji yakipanda kutoka kiunoni kwenda kifuani, na kichwani mwangu kulikuwa na wazo moja tu: anakufa, na ni mimi. Vijana wawili wakaunganisha mishipi yao, wakashuka, wakasukuma jiwe, wakamtoa. Mguu wake wakaufungia kwenye bunduki ya mbao. Mimi nilikuwa bado nimeshika mti.

Tulipuliza filimbi mpaka sajini akatufikia, saa kumi na moja inakaribia. Alimwangalia yule msichana, amefumba macho, midomo ya bluu. Akanigeukia.

"Nani aliwashusha huku?"

Swali lilikuwa fupi hivyo. Nikajibu, "Dira, afande. Ilisomwa vibaya."

Dira ilikuwa imebebwa na maji. Hakukuwa na wa kunipinga.

(Samahani. Nipeni dakika moja, nimeze mate.)

Alilazwa hospitali, mguu umevunjika mara mbili. Aliandikiwa barua akiwa huko huko kitandani: ameondolewa katika kadeti kwa uzembe uliohatarisha maisha ya wenzake. Alikana. Lakini lilikuwa neno lake dhidi ya neno la kiongozi, na mimi nilikuwa nimeshasema.

Hapo ndipo hofu ilianza kunitawala. Nilidhani nitaogopa siku mbili tatu iishe. Ikawa inakua. King'ora kikilia natokwa na jasho. Ukungu ukishuka sitoki nje. Nikiona msichana anachechemea sokoni, namfuata nione uso. Niliacha kwenda gwaride, halafu nikaacha masomo, nikarudi hapa laini nikamwambia mama kwamba chuo kimefungwa kidogo. Alijua nadanganya. Miezi mitatu alinipikia tu, ananiangalia.

Siku moja alirudi shambani mapema, king'ora cha saa nane kikiwa kinalia, akanikuta chini ya kitanda. Mwanaume mzima wa miaka ishirini na moja, nimeziba masikio. Hakunicheka. Alikaa sakafuni na gamubuti zake za kuchumia chai.

"Toka useme," akaniambia. "Leo sipiki mpaka useme."

Nikasema yote. Akauliza jambo moja tu.

"Kwa hivyo mtoto wa mwanamke mwenzangu anaitwa mzembe kwa sababu ya mdomo wako?"

"Ndiyo, mama."

"Basi tafuta shati safi. Tunaenda kwao."

Majirani walipojua walikuja kutuzuia. Mnatujua, sisi asili yetu ni kule ziwani, si kabila la wenyeji wa hapa, tumeletwa huku na kazi. Mmoja akasema, "Mtaingia boma ya watu na kesi kama hiyo? Wakiamua mambo yao nani atawatetea?" Mama yangu pia aliogopa. Nilimwona anafunga kitambaa cha kichwa, anafungua, anafunga tena. Lakini alienda.

Kutoka barabarani mpaka lango la hilo boma kule Chebunyo si mbali, na sijawahi kutembea mahali parefu hivyo. Baba yake alikuwa amesimama na ng'ombe zake, rungu mkononi. Yule msichana alikuwa ameketi nje anapukuchua mahindi, mguu wenye plasta umewekwa juu ya kiti. Aliniona akaacha kupukuchua. Hakunisalimia.

Nilipiga magoti nikasema. Nilimwambia baba yake kwamba binti yake alinionya mara mbili, kwamba nilimdharau, kwamba aliniita nikamwacha kwenye maji, na kwamba nilidanganya. Miguu ya yule mzee ilikuwa mbele ya macho yangu na nilikuwa nangoja rungu. Naapa nilikuwa nalingoja.

Mzee akasema, kwa Kiswahili cha kwao, polepole:

"Simama. Hiyo maneno unaniambia mimi ya nini? Mimi najua mtoto yangu si mzembe. Ile siku uliongopa, ulikuwa umesimama wapi?"

"Mbele ya sajini, mzee. Na wenzetu."

"Enda usimame hapo hapo, useme. Halafu ndiyo urudi hapa tuongee."

Mama wa boma akatuletea mursik, yale maziwa ya kibuyu. Nikayamwaga kwenye lile shati safi. Mama yangu akasema "kongoi", ndilo neno lao la shukrani analolijua. Hakuna aliyecheka.

Niwaambie kitu. Kumwambia yule mzee kulikuwa kugumu, lakini nilitumaini kwamba kutatosha. Nilitaka anisamehe pale pale nirudi nyumbani nimepona. Alinikatalia, na hapo ndipo maisha yangu yaligeuka, ingawa kwa wakati ule nilimchukia.

Jumamosi iliyofuata nilisimama uwanjani. Makadeti kama sitini, wameganda mstarini. Niliomba ruhusa ya kusema. Niliposikia buti za sajini zinakuja nyuma yangu juu ya kokoto, mkojo ulinitoka kidogo, sitawaficha. Nikasema hivi: "Dira haikukosea. Aliyeishika hakukosea. Nilimkataza kuifuata, halafu alipoanguka niliogopa kushuka, halafu nikaogopa kusema. Yule mnayemwita mzembe ni mimi."

Sajini alikuja mbele yangu. Nilidhani atanipasua masikio. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Mbona unasema leo?"

"Kwa sababu siwezi kuishi hivi, afande."

Alinivua alama ya uongozi mbele ya wote. Kisha akafanya kitu ambacho sikukitarajia. Aliwaambia makadeti, "Na mimi niliuliza mtu mmoja tu nikaandika barua. Hilo ni kosa langu." Ile barua ikafutwa, jina la msichana likasomwa kwa heshima uwanjani, na sajini mwenyewe alikwenda kwao Chebunyo kuwaambia wazazi. Nami nikarudi kwa mzee tukaongea, kama alivyoniagiza. Nilisimamishwa kadeti muhula mzima. Ikasemwa kwamba nitarudi tu kama yule msichana hatapinga. Hakupinga. Nilirudi nikiwa wa mwisho kwenye mstari, chini ya vijana niliowahi kuwaamrisha, na nilisikia kila walichonong'ona.

Msidhani hofu iliisha. Mwezi uliopita tulikuwa upande wa Merigi kwa mazoezi, ukungu ukashuka. Lakini safari hii nilisema kwa sauti, kila mtu akasikia: "Jamani, naogopa, na njia siijui." Kiongozi wetu akasema basi, tusimame tuangalie dira pamoja. Tukasimama. Ilichukua dakika tano. Dakika tano tu, ndugu zangu, na mimi ile siku nilikosa kuzitoa.

Kwa hivyo nyinyi vijana wenye fomu, siwakatazi kuzijaza. Jazeni. Lakini msiende huko mkidhani kadeti itawaondolea woga. Woga mtaenda nao. Utakayeuficha ukiwa unaongoza watu, utawapeleka mtoni, halafu utatafuta wa kumlaumu, na atapatikana, kwa sababu huwa ni yule aliyekuambia ukweli.

Namshukuru mama yangu, aliyekaa sakafuni. Nawashukuru wale vijana wawili wa mishipi, ambao hadi leo hawajawahi kunitania kuhusu ule mti. Namshukuru sajini. Namshukuru mzee wa Chebunyo kwa kunikatalia msamaha wa rahisi.

Na yule msichana mwenyewe. Plasta ilitolewa, anatembea, masomo anaendelea nayo. Lakini mguu uliunga ukiwa umepinda kidogo, na daktari alimwambia wazi kwamba jeshini hawachukui mguu kama huo. Ile ndoto yake imeishia pale mtoni. Mimi miguu yangu yote ni mizima.

Nilimpigia simu juzi kumwomba ruhusa ya kusimama hapa, na nikamwalika aje. Akaniambia, "Wewe enda useme, ni vizuri wasikie. Lakini mimi siji kukaa hapo wakikupigia makofi."

Kwa hivyo nawaomba, wapendwa. Nimemaliza. Niacheni nirudi kukaa, na mnyamaze hivyo hivyo.