Baka la Simai na Taa ya Dar

Pembe yetu ya Sokomuhogo ina baraza moja ya mawe, na kila mtu ana pahala pake. Simai seremala hukaa mwisho kabisa, shavu la kulia njiani, la kushoto kaligeuzia nyumba ya Bi Mwanakheir, ambayo madirisha yake ya juu hayafunguliwi mchana. Sababu ni baka alilozaliwa nalo shavu hilo la kushoto, jekundu lililoiva, kutoka sikioni mpaka kidevuni. Sisi tushalizoea hata hatulioni. Jioni moja ya mwaka sabini na moja, harusi yake na Tabia wa Bububu imebaki wiki moja, alikuja na tiketi ya meli mfukoni. Kesho asubuhi anakwenda Dar, akasema, kwa bwana mmoja anayechoma mabaka kwa taa. Mimi nilitaka kumkataza, lakini kwenye baraza ile ukichelewa kusema wenzako washaanza.

Aliyeanza ni Masafa. Jina lake Matar, hilo la Masafa tulimpa sisi, maana redio haimtoki sikioni.

— Taa hiyo nshaisikia, alisema. Inaitwa leza, Wamarekani wanayo. Mwanga mwembamba kama uzi. Unaunguza baka, ngozi yenyewe haina khabari.

— Haina khabari! alidakia Kasorobo, ambaye hajawahi kufika pahala kwa wakati. Yakhe, mwanga huo huo waliupiga mpaka mwezini ukarudi. Shavu la Simai ndo litauzuia? Utaingilia huku utokee huku.

Akbarali, fundi saa, aliweka kikombe chini.

— Simai, huyo bwana wa Dar kaipata wapi leza?

— Kasema kaitengeneza mwenyewe.

— Ikoje?

— Ina waya mbili nene. Yeye huvaa miwani myeusi. Inatoa cheche.

— Cheche? Bwana, hiyo ya kuchomelea vyuma!

Simai aliipapasa tiketi, lakini hakuitoa mfukoni.

— Na umeme ukikatika katikati? aliuliza Kasorobo. Utaoa na nusu baka.

— Afadhali nusu, alisema Masafa. Baka halifi, linahama. Jamaa mmoja alilitoa shavuni, asubuhi akalikuta mgongoni mwa mkewe.

— Redio gani iliyosema hayo? nilimuuliza.

— Masafa mafupi.

— Hilo dogo, alisema Kasorobo. Kuna mtu Kiembe Samaki alitoa chunjua tu usoni. Aliporudi, mbuzi wake mwenyewe walimkimbia.

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Simai hakucheka.

— Chekeni, alisema. Mwana wa watu hajaniona hata siku moja. Nikiingia ndani usiku ule, ainue macho akutane na hili, akapiga ukelele je? Bora cheche.

Kicheko kilitukauka. Nilimwonea huruma, na nikajionea haya kwa kucheka.

Ndipo mlango wa nyumba ile ya madirisha yaliyofungwa ukafunguliwa. Alisimama Bi Mwanakheir, shangazi yake Tabia, buibui kalishika kidevuni.

— Shikamoo Bi Mwanakheir, tulisema sote.

— Marahaba. Mnapiga kelele mpaka juu tunasikia. Simai!

— Naam.

— Nani kakwambia Tabia hajakuona?

Simai aliinua macho akatazama madirisha ya juu.

— Kabla hajajibu posa nilimleta hapa, nikamsimamisha juu, achungulie kwenye upenyo wa dirisha. Nyinyi mmejipanga mnabishana kama leo. Nikamwambia, wako ni yule mwenye baka. Wala hatukupata tabu, maana shavu lenyewe umetugeuzia sisi! Akatazama, akatazama. Akasema, "Huyu hata sokoni mkesha wa Idi simpotezi." Akacheka, akakubali.

Alituangalia mmoja mmoja.

— Sasa nijibuni. Mwana kakubali mwenye baka. Akiletewa asiye na baka, mimi nimwambie huyu nani?

Masafa alizima redio. Akbarali alitazama saa mkononi, Kasorobo akachungulia kikombe kitupu. Nami, mbishi wa baraza zima, nikakuna kichwa. Bi Mwanakheir alitungoja kidogo, akafunga mlango wake.

Nilishusha pumzi utasema mimi ndiye niliyekuwa nichomwe. Simai alikuwa anacheka na kufuta macho kwa kiganja. Alitoa tiketi akampa Kasorobo, ambaye sote tunajua meli ataikosa tu.

Muuza kahawa alikusanya vikombe vyake. Masafa akamvuta Simai mkono.

— Yakhe, sasa ushajua dirishani mna watu. Njoo ukae upande huu.

Simai alisogeza kofia nyuma, shavu lote likawa nje.

— Niache, alisema. Mimi hapa pananitosha.