Gasketi Iliyokuwa Nzima

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Aliye jikoni apunguze moto, aliye mbali na redio asogee. Leo tunamkumbuka Fundi Subiri. Wengi wenu mlimjua kwa sauti tu, ile sauti nzito ya kukwaruza iliyokuwa inaingia studio hii kila Jumamosi asubuhi kuwajibu wenye magari. Fundi Subiri hatunaye tena. Moyo ulimsumbua kwa muda, wiki iliyopita ukamshinda, na tumeshamzika.

Sasa niseme jambo mapema, asije mtu akanilaumu mwishoni. Kipindi hiki ni cha wote, lakini kuna msikilizaji mmoja ninayemtafuta. Ni mdogo wake marehemu, wa tumbo moja. Kaka na mdogo hawa wamekaa miaka mingi bila kusemezana. Marehemu ameacha neno, na neno hilo ni la mdogo wake. Simu hapokei. Nyumbani kwa kaka yake hakanyagi. Siku ya mazishi alisimama nyuma kabisa, karibu na geti, na watu walipoanza kupeana mikono hakuonekana. Kwa hiyo neno lake litapita hapa, hewani, mbele yenu nyote. Mjane wa marehemu ndiye aliyeniomba.

Nianze na jina. Kwa nini Subiri? Gari lilikuwa likifika gereji kwake linatoa mvuke, mwenye gari shati limemganda kwa jasho, anataka rejeta ifunguliwe papo hapo. Fundi anamwekea kigoda. Anamwambia, subiri ipoe. Kisha anakwenda zake kunawa mikono. Siku moja alifika wakili, anachelewa kesi, akafoka kwamba yeye hana muda wa vigoda. Fundi akamjibu kwa upole kwamba akifungua rejeta ya moto, mahakamani atafika, ila atafika kama kielelezo. Wakili akakaa.

Na hapa studio ndiye aliyetufundisha gasketi ya hedi ni nini. Mimi mwenyewe nilikuwa nadhani ni aina ya mpira. Alinieleza hivi. Injini ina bloku chini na hedi juu. Katikati yake kuna kipande chembamba kama jalada la kitabu, chenye matundu. Hiyo ndiyo gasketi. Upande huu kuna moto, upande huu maji, upande huu oili. Ni majirani watatu wasiopatana, na gasketi ndiyo ukuta. Ukuta ukitoboka, maji yanaingia kwenye oili, moto unaingia kwenye maji, na mwenye gari anaingia kwenye matatizo.

Dalili zake mnazijua, maana alizirudia mpaka watoto wakazikariri. Moshi mweupe unaoendelea hata injini ikishapata joto. Maji yanapungua na chini hakuna tone. Ukiwasha, rejeta inatoa mapovu kama sufuria. Oili inageuka rangi ya maziwa kwenye stiki, kile kijiti cha kuipimia. Kisha alikuwa anaongeza maneno yake mwenyewe, ambayo bado mnanitumia kwenye simu: "Mfuniko wa oili ni mmbea. Stiki ndiyo shahidi. Dalili moja ni umbea, mbili kaa nazo, tatu chukua spana."

Msichojua, wasikilizaji wapendwa, ni maneno hayo yalitoka wapi.

Rudini nyuma nami. Fundi bado kijana, ana mke na mtoto mchanga. Gereji ni ua mdogo nyuma ya duka la matairi, bati juu, ardhi nyeusi kwa oili. Jina la Subiri halijazaliwa bado. Wakati huo sifa yake ilikuwa kasi. Watu walisema injini ikimwona inajifungua yenyewe. Na mdogo wake alikuwa dereva, dereva hadi kwenye kucha. Alikuwa na gari dogo la abiria, lililotumika sana lakini linang'aa. Mjane anasema asubuhi alikuwa analiosha gari kwanza, uso wake baadaye.

Basi mdogo akapata kazi. Kubeba wanafunzi wa shule moja, kwenda na kurudi, kila siku. Kazi ya uhakika, kwa mtu aliyekuwa anasubiri abiria stendi kama mkulima anavyosubiri mvua. Shule zilikuwa zinafunguliwa wiki iliyofuata. Akaona busara apitishe gari kwa kaka yake litazamwe. Hakukuwa na ubovu aliousikia. Alitaka tu kuwa na amani, maana angebeba watoto wa watu.

Fundi akafungua mfuniko wa oili. Chini ya mfuniko kulikuwa na utelezi mweupe, kama uji wa mtoto. Akachungulia rejeta, maji yameshuka kidogo. Hapo hapo akasema, gasketi imekwenda, hedi inashuka leo.

Mdogo wake akachomoa stiki, akaifuta, akaichovya tena, akamwonyesha. Oili ilikuwa safi, rangi ya asali. Akasema, "Kaka, mbona hii ni safi? Gari hili halijawahi kunichemkia hata siku moja. Nalijua."

Walikuwapo mafundi wengine pale, na wateja wawili watatu. Fundi akamjibu mbele yao: "Wewe unajua usukani. Injini niachie mimi."

Watu wakacheka. Mdogo naye akacheka kidogo, akatoa funguo, akaondoka.

Nataka niwe mwadilifu kwa marehemu. Mkewe anasema mumewe alikuwa anataka kumpa mdogo wake zawadi. Alitaka amalize upesi, gari likabebe watoto likiwa na injini ya kuaminika, bila kumdai kitu. Alimpenda, hilo silikatai. Lakini gari lilikuwa limetoka barabarani saa ile ile. Injini ilikuwa ya moto kiasi cha kuunguza mkono. Na yeye akashika spana, akaanza kulegeza bolti za hedi.

Mchana mkewe akapeleka chakula. Alimkuta amekaa juu ya tairi, gasketi ipo magotini. Anaigeuza, anaitazama upande huu, anaigeuza tena. Akamuuliza, imeungua wapi? Akajibu, hakuna. Haikuwa na alama ya moto, wala mahali palipotoboka. Chakula hakukigusa.

Nirudie, ili ieleweke. Gasketi ilikuwa nzima.

Ule weupe chini ya mfuniko ulikuwa jasho la injini tu. Gari linalokwenda safari fupi fupi asubuhi za baridi hufanya hivyo, na halina ugonjwa wowote. Maji yalikuwa yanatokea kwenye mfuniko wa rejeta, mpira wake umechoka. Hicho ni kitu cha kubadilisha ukiwa umesimama. Lakini sasa kulikuwa na balaa jipya. Hedi ya aluminiamu ukiifungua ingali ya moto, inapinda. Fundi aliweka rula ya chuma juu ya hedi, akainama, akaona mwanga unapita chini yake. Hedi ilikuwa imepinda, na aliyeipinda ni yeye.

Ikabidi hedi ipelekwe kwa mwenye mashine ikasawazishwe. Kwa mwenye mashine kulikuwa na foleni. Shule zikafunguliwa, gari liko juu ya mawe. Shule haikungoja, kazi akapewa mwingine.

Mdogo mtu alipokuja kuuliza kulikoni, wale mafundi walikuwapo tena. Na hapa, wasikilizaji wapendwa, ndipo ninapomkasirikia rafiki yangu, hata kama marehemu hasemwi ila kwa mema. Alikuwa na njia ya kusema ukweli, fupi kabisa. Badala yake alichukua ile rula, akailaza juu ya hedi, akamwita mdogo wake ainame aone mwanga. Akamwambia hedi haipindi bila gari kuchemka, na geji ya joto iko mbele ya macho ya dereva, sasa yeye alikuwa anatazama wapi? Na watoto wa watu ndio alitaka kuwapakia humo?

Mdogo alitazama ule mwanga kwa muda mrefu. Kisha akaamini. Aliamini kwa sababu anayesema ni kaka yake.

Familia ikampa jina. Wakamwita Geji. Mnajua sisi tulivyo, utani hauna breki. Shangazi akiweka birika jikoni anamwita, Geji, njoo utuangalizie isichemke. Watu wanacheka mpaka machozi. Mjane anasema kila jina hilo lilipotajwa, mumewe aliinamia sahani yake. Hakucheka, lakini hakuwakataza. Mdogo akawa anakuja mara moja moja, kisha hakuja kabisa. Gari aliliuza. Usukani hajaushika tena mpaka leo. Yule dereva hadi kwenye kucha sasa analinda ghala, anafungulia wenzake geti waingie na magari yao.

Tangu hapo fundi akawa mtu wa kusubiri. Injini ikija ya moto hagusi. Anapima maji kwanza, anachomoa stiki, anatazama mapovu, anasikiliza. Hedi analegeza bolti za pembeni akija ndani, kidogo kidogo. Anasafisha nyuso zote mbili bila kuzikwaruza, anaweka gasketi mpya kavu, bila gundi, kisha anakaza kutoka katikati kwenda nje, kwa raundi, bila pupa. Mafundi wengi mjini wamejifunza kwake. Kila Jumamosi alikuwa anawafundisha watu wote kosa lake, bila kusema ni lake.

Mara moja alijaribu. Nakumbuka, maana redioni ukimya ni msiba. Msikilizaji mmoja aliuliza kama hedi inaweza kupinda bila gari kuchemka. Swali dogo tu. Fundi akasogeza kipaza sauti, akasema, "Inaweza. Mimi nilishawahi..." Akanyamaza. Nikamtazama, jasho limemtoka. Ikabidi niweke muziki. Tuliporudi hewani alisema, inaweza, fundi akiifungua ya moto. Akaishia hapo. Nilidhani ni presha.

Alipolazwa mara ya mwisho ndipo alipomwambia mkewe. Maneno yake ni haya: "Mimi nimeshindwa. Nimeisema kila Jumamosi kwa kuzungukazunguka. Mpe mtangazaji aiseme moja kwa moja."

Mjane mwenyewe hakujificha. Tulikaa sebuleni kwake, viti vya msiba bado vimepangwa ukutani. Akaniambia, "Usimbebeshe yeye peke yake. Mimi niliiona gasketi kwa macho yangu. Aliniomba ninyamaze, nikanyamaza. Nilisema ni mambo ya ndugu, watapatana. Kumbe nilikuwa nakula chakula kimoja na uongo."

Nikamuuliza, una uhakika shemeji yako atasikiliza? Akasema mke wa shemeji yake alimnong'oneza kitu siku ya mazishi. Kwamba miaka yote hii, kila Jumamosi asubuhi, mumewe anawasha redio. Anakaa, haongei na mtu, anamsikiliza kaka yake mpaka mwisho, kisha anazima. Hajawahi kukosa. Nilipolisikia hilo nilifunga kinasa sauti.

Basi, ndugu yangu, kama umeiwasha redio Jumamosi ya leo pia, neno lako ni hili. Linatoka kwa kaka yako, nami nalisema moja kwa moja kama alivyotaka. Gasketi ya gari lako ilikuwa nzima. Gari lako halikuchemka. Hedi ilipindishwa na kaka yako, aliifungua ikiwa ya moto. Wewe ulisema unalijua gari lako, na ulikuwa unalijua. Hukuwa dereva mzembe, na watoto wale wangefika shule salama. Kaka yako amekufa akijua hivyo.

Na wale wa familia mnaosikiliza, jina la Geji liishe leo.

Sijui kama hili linatosha. Sidhani. Kuna kazi iliyopotea, kuna miaka, na mwenye kosa hayupo wa kugombana naye. Kumsamehe au kutomsamehe ni juu yako, na hakuna wa kukuharakisha. Sisi wengine tulio hai tutafakari. Kila mmoja wetu ana mtu aliyemwinamisha aone mwanga chini ya rula, akijua mkono ulioipinda ni wake. Huyo mtu yuko wapi sasa? Mpigie angali anapokea.

Kwa niaba ya studio hii natoa pole kwa familia nzima. Natoa pole kwa watoto wa marehemu, kwa mafundi wote aliowafundisha, na kwa mjane. Lakini mjane ameniagiza kwamba pole ya kwanza kabisa, kabla yake na kabla ya watoto, ni ya mdogo wa marehemu, maana aliyefiwa na kaka ni yeye. Basi pole sana, dereva.

Nina agizo moja la mwisho, la mjane kwako wewe, nalo nalitoa kama nilivyopewa. Makaburi yapo mbali na nyumbani, na shemeji yako, mke wa kaka yako, bado hajarudi huko tangu mazishi. Gari la marehemu liko uani, maji yamejaa, oili ni safi, shemeji yako ameipima mwenyewe kwa stiki. Watoto wamejitolea kumpeleka, amekataa. Majirani nao amewakataa. Anasema ataingia humo siku utakayokuja kuendesha wewe.