Posa Isiyokuja

Benchi lililo mbele ya duka la unga wa muhogo, pale Rinkeby, mtaa wa wahamiaji huko Uswidi, lina wenyewe: Ssali Mganda, aitwaye Wakili, Vénant Mrundi, aitwaye Redio, mwenye chupa ya kahawa, na Désiré wa Bukavu, Shemasi. Jumamosi hiyo ya Mei, Shemasi alikaa bila hata kusema Bwana asifiwe. Binti yake Christelle ampenda Kumaran, kijana wa Kitamil wa mtaa jirani wa Hjulsta, na tangu Noeli baba mtu anafagia sebule akingoja wazazi wa kijana walete posa. Wapi! Sasa binti ameapa: wazee wasipokutana mwezi huu, wao wawili watafunga ndoa serikalini, bila baba wala baraka.

— Hawaji hao, Shemasi, akasema Wakili. Watamil hawana ndoa za mapenzi. Mzazi anachagua, mtoto anavaa, kama viatu vya shule.

— Na mimi nilichaguliwa mke, Désiré akajibu, na sijachubuka. Mapenzi yalitukuta njiani. Ya Christelle yametangulia, siyakatai. Nataka watu waje, waseme!

Redio akamimina kahawa.

— Wanasoma nyota kwanza. Nyota zikigongana, basi. Wahenga walisema, asiye na mwana aeleke jiwe.

— Hiyo inahusu nini?

— Nyota. Kunywa.

— Nyota gani! Wameshamwoza kwa kompyuta, Wakili akanong'ona. Bwana harusi Hjulsta, bibi harusi kwao Jaffna, kuhani yuko Toronto!

Désiré hakucheka. Moyoni alijua kinachomuuma ni kiburi. Kanisani huhubiri unyenyekevu, ila Hjulsta, vituo viwili tu vya treni, hajakanyaga.

Mara akasimama mbele yao mzee mwenye majivu ya sala kwenye paji la uso. Akauliza kwa Kiswidi cha kuokoteza:

— Baba Christelle?

— Ni mimi.

— Mimi baba Kumaran. Kijana kaniambia unakaa hapa. Ndugu, kwetu upande wa binti ndio hutangulia kuja. Mke wangu anawapikia kila Jumamosi tangu Krismasi. Mbona hamji?

Wakili akatazama viatu vyake. Redio akainamisha chupa. Halikutoka hata tone. Désiré akainuka benchini. Akavaa kofia.

— Leo amepika nini?