Mwalimu Jedida Adhiambo, Aliyelitia Bao Kwenye Kompyuta

Wachungaji, masheikh, walimu na majirani mliofika hapa Muyeye, familia imemwagiza mdogo wake marehemu, Phineas Ochola, awasomee maisha ya dada yake kama yalivyokuwa, naye anawaomba radhi mapema wale waliozoea historia zilizopakwa mafuta, kwani hii haikupakwa.

Jedida Adhiambo alizaliwa tarehe 4 Machi 1952 huko Ugunja, Nyanza, akiwa kifungua mimba wa Mzee Ochola na Mama Perpetua, na mwaka 1958 baba yake alipopata kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba hapa Malindi, familia nzima ilihamia pwani ikakaa Kisumu Ndogo. Alisoma shule ya msingi hapa mjini toka 1959 hadi 1965, akaenda sekondari Mombasa, na mwaka 1975 akahitimu chuo kikuu Nairobi, hesabu na ualimu. Lakini bao hakufundishwa shuleni. Alifundishwa na Bi Mwanabibi Stambuli wa mtaa wa Shela, hapahapa Malindi, mama wa rafiki yake Fatu, ambaye kila alasiri, wanaume wakishaenda zao barazani, alitandika mkeka ukumbini akacheza na wanawake wenzake, na mtoto wa Kijaluo aliyeingia na shikamoo akaambiwa aketi, ashike kete, aache kuuliza uliza.

Mwaka huohuo wa 1975 aliajiriwa kufundisha hesabu kwenye sekondari moja hapa Malindi, na tarehe 17 Desemba 1977 akafunga ndoa na Bwana Musembi Mutua, fundi wa umeme wa hoteli, wakajaliwa watoto wawili, Idah mwaka 1979 na Mutua mwaka 1982. Baada ya uzazi huo wa pili ndipo madaktari wa Mombasa walipogundua kwamba kilango kimoja cha moyo wake hakifungi sawasawa, wakamwonya asibebe mizigo wala asifanye safari za kuchosha, na onyo hilo mwalimu mkuu wake alilipata kwa kinywa chake mwenyewe Jedida, ofisini, mlango ukiwa wazi.

Mwaka 1984 wahisani wa ng'ambo waliiletea shule kompyuta ya kuunganishwa na televisheni, na wenzake walipokuwa bado wanaifunika kitambaa isipate vumbi, Jedida aliamua kuifundisha bao, si bao la watoto la kumwaga tu, bali bao lenyewe la Kiswahili, lenye awamu zake mbili, kunamua na mtaji, na lile shimo kuu liitwalo nyumba. Aliipeleka hadi Shela kwa mkokoteni, Bi Mwanabibi akavaa miwani, akacheza nayo, mara akapiga kofi mkeka.

"Yaiba hii, mwanangu! Nyumba haivunjwi kwa kutakata, hujala hata kete moja!"

Jedida alicheka mpaka akashika kifua, akarudi akasahihisha, akaileta tena, na tena, hata siku Bi Mwanabibi aliposhindwa kwa haki akasema, "Sasa ina adabu." Mwaka uliofuata hoteli moja ya Watamu iliipa shule kompyuta yake kuukuu, ya kampuni nyingine, isiyosikia hata neno moja la lugha ya ile ya kwanza wala kuweza kuchora mashimo, naye akaandika bao zima upya, kila shimo likiwa tarakimu ya kijani kwenye kioo cheusi, kwa sababu, alivyomwambia mumewe, mchezo ni wa watu, si wa mashine.

Agosti 1986 shule ilipeleka kompyuta zote mbili kwenye maonyesho ya kilimo Mombasa, umati ukajaa, na juu ya meza pakatundikwa ubao uliosema kwamba bao hilo limebuniwa na mwalimu mkuu kwa msaada wa wahisani. Jedida aliusoma, akausoma tena, kisha mbele ya wageni waheshimiwa akauteremsha, akaugeuza, akaandika kwa chaki jina la Mwanabibi Stambuli na jina lake. Mwalimu mkuu alimwambia kwa sauti ya chini, "Utajuta, Mama Idah." Musembi naye, aliyekuwepo, alimsihi anyamaze kwa ajili ya moyo wake, akajibiwa, "Unauma zaidi nikinyamaza."

Januari 1987 alihamishiwa Mariakani. Mwalimu mkuu, aliyejua habari za moyo ule, ndiye aliyempendekeza, akisema shule ya huko ina upungufu wa walimu, ilhali yake mwenyewe ilibaki bila mwalimu wa hesabu kwa mwaka mzima, na yeye akapandishwa cheo, akisifiwa kwa kuleta kompyuta pwani. Jedida aliacha watoto wadogo hapa, akawa anakuja Ijumaa na kurudi Jumapili, akipanga foleni ya feri Kilifi huku miguu imevimba, na huko Mariakani, asivyojua kukaa bure, akamwomba karani wa kiwanda cha maziwa, Bi Nyakio, ampe saa za jioni kwenye mashine yao ya hesabu, akaandika bao kwa mara ya tatu, kwa aina ya tatu ya kompyuta, na madereva wa malori ya maziwa wakawa wanagombea zamu.

Ijumaa tarehe 15 Julai 1988 alianguka kwenye foleni ya feri, akapelekwa hospitali Kilifi, na Jumapili tarehe 17, asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Musembi, akafariki, ana miaka thelathini na sita.

Familia inawashukuru madaktari wa Mombasa na Kilifi, muuguzi Nyaboke aliyemkeshea, majirani wa Kisumu Ndogo, Bi Mwanabibi na jamaa wa Shela, walimu wa Mariakani, na madereva waliouleta mwili bila kuombwa. Kuna bwana aliyeketi safu ya mbele, aliyeleta shada la maua na kuomba nafasi aeleze jinsi kazi ya marehemu ilivyoasisiwa chini ya uongozi wake. Familia imelirudisha shada kwenye gari lake, na nafasi hiyo haipo. Asiposikia vizuri tutarudia. Haipo.

Adhiambo, umechoka, lala. Pumzika kwa amani uliyonyimwa ungali hai, na hasira hii usiende nayo, tuachie sisi, sisi bado tuna nguvu za kuibeba.