Tuliokatazwa Kugusa Mashine: Risala kwa Mgeni Rasmi Siku ya Kufungua Karakana Mpya

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri. Mkuu wetu wa Chuo. Wakufunzi, wazazi na wanafunzi wenzetu: tunawasalimu kwa heshima zote.

Sisi ni wanachama thelathini na mmoja wa umoja wa wanafunzi wa kike na wanafunzi wenye ulemavu katika idara za uhandisi. Tumepewa dakika kumi na mbili mbele yako. Ofisi ilituomba tuifupishe risala hii, nasi tukatii. Tumepunguza pongezi.

KARIBU

Tunakushukuru kwa kuacha kazi zako nyingi na kuja kutufungulia karakana mpya yenye mashine nane za kukereza vyuma, zile zinazozungusha chuma huku kisu kikikichonga. Tulipoziona zikishushwa kwenye lori, baadhi yetu tuliruka kama watoto. Mmoja wetu alikumbatia moja ikiwa bado kwenye boksi, akaambiwa na mlinzi, "Dada, taratibu, hiyo siyo shangazi yako." Tulicheka sana siku hiyo. Ilikuwa wiki nane zilizopita.

TULIKOTOKA

Umoja huu ulizaliwa njiani, Mheshimiwa. Miaka sita iliyopita chuo kilikuwa na wasichana wanne tu wa uhandisi, na jengo letu halikuwa na choo cha wanawake. Ilibidi waende hadi jengo la mapishi, mwendo wa dakika saba kwenda na saba kurudi. Walikuwa wakisindikizana, na katika kusindikizana huko wakawa wanaulizana hesabu, wanaelezana michoro, wanaliliana shida. Wakagundua kwamba wana kikundi tayari.

Leo tuko wasichana ishirini na sita, mmoja wetu akiwa hasikii, na wavulana watano wanaotumia magongo au viti vya magurudumu. Choo bado kiko kule kule kwenye mapishi.

TULIYOYAFANYA

Hatupendi kujisifu, ila leo tutajisifu kidogo. Mtihani uliopita wa michoro ya ufundi, nafasi tatu za kwanza zilikuwa zetu. Kiti cha magurudumu kinachopanda ngazi mbili bila kusukumwa kilibuniwa na wenzetu wawili na kinatumika hapa hapa chuoni. Na pampu inayovuta maji ya kisima chetu, ile ambayo ekseli yake ilikatika mwaka jana tukakaa wiki mbili na ndoo, ilirudi kufanya kazi baada ya mwenzetu mmoja kukereza ekseli mpya.

Mwenzetu huyo tunamwita Mikro, kwa sababu kila kitu lazima akipime, hata unene wa chapati. Mama yake ni fundi cherehani, na anasema alimzaa akiwa na futi mkononi. Mkufunzi wetu wa karakana alipoipima ekseli ile aliipima mara ya pili, akavua miwani, akasema, "Mimi nina miaka kumi na tisa kwenye kazi hii. Hii hata mimi nisingeiongezea kitu."

Mheshimiwa, tunaomba utuvumilie sasa. Yanayofuata ni kuhusu Mikro.

YALIYOTUPATA

Ovaroli za chuo chetu ni za saizi moja, na saizi hiyo ni ya mwanaume mrefu. Sisi huwa tunakunja mikono mara nne na kuifunga kwa mipira ya kufungia noti. Mwanzoni mwa muhula Mikro alikwenda stoo kuomba ruhusa ya kuipeleka ovaroli yake nyumbani, mama yake aipunguze.

Mtunza stoo si mtu mbaya. Alimjibu kwa upole kabisa: "Dada, hii ni mali ya chuo. Ukiikata mikono, mwakani akija kijana mrefu atavaa nini?"

"Mama hataikata, ataikunjia kwa ndani. Inafumuliwa tu."

"Niletee barua ya idara."

Idara ikasema suala la mavazi ni la stoo. Mikro akarudi karakanani na mipira yake.

Ilikuwa Jumanne, baada ya mapumziko ya chai. Alikuwa anakereza shafti, ile fimbo ya chuma inayozungusha mtambo, mgongo umenyooka, macho kwenye chuma kama kawaida yake. Mpira mmoja ukakatika. Mkono wa ovaroli ukafunguka mkunjo baada ya mkunjo, na zile taya zinazoshika chuma na kuzunguka nacho zikaudaka.

Mkufunzi alikuwa hatua mbili kutoka kwake. Aliruka akabonyeza kile kitufe chekundu cha kusimamisha mashine wakati wa dharura. Akabonyeza tena. Akakipiga kwa ngumi. Mashine ikaendelea kuzunguka. Kitufe kile kilikuwa kimeharibika na kimeandikwa kwenye daftari la ubovu tangu muhula uliotangulia. Wote tulikuwa tumesahau, kwa sababu hakuna aliyewahi kukihitaji.

Tulisimama, Mheshimiwa. Tunaona aibu kulisema hili lakini tulisimama kama tumepigiliwa misumari. Kelele zilikuwa nyingi mno, za Mikro, za mkufunzi, za chuma, kila mmoja akawa haelewi aende wapi.

Aliyekwenda ni mwenzetu asiyesikia. Tunamwita Rada, maana hakuna kinachompita machoni. Alikuwa mashine mbili mbele, ameelekeana na Mikro, akauona uso wake. Hakungoja kuelewa zaidi. Alikimbia hadi ukutani akaishusha swichi kuu, na karakana nzima ikazima.

Madaktari walituambia baadaye kwamba nukta chache zaidi zingechukua mkono wote. Zilizopita zilichukua vidole viwili vya mkono wa kushoto.

Mkufunzi wetu alikaa chini sakafuni, kwenye mabaki ya vyuma. Alikuwa anarudia neno moja: "Nilibonyeza. Nilibonyeza." Tulimsimamisha sisi.

Mama yake Mikro alifika hospitali mchana ule ule, futi la kupimia bado liko shingoni, alikuwa amesahau kulivua. Alimbusu mwanawe kwenye paji la uso. Kisha akamwomba muuguzi amwonyeshe ovaroli. Muuguzi alisita, akaitoa kwenye mfuko. Mama akaitandaza kwenye benchi la korido, akaupima ule mkono ambao haukuchanika, toka begani hadi mwisho. Halafu akarudi akampima mwanawe aliyelala.

"Inchi tisa zimezidi," akasema. Hakuwa anamwambia yeyote. "Kazi ya dakika kumi. Hata kumi hazifiki."



SIKU NNE BAADAYE

Tulidhani kitufe kitatengenezwa. Tulidhani tutaitwa tupimwe mavazi. Wengine tulikwenda hadi kwenye ubao wa matangazo tukiwa tumejiandaa kushukuru.

Tangazo lilisema hivi, tunalisoma kama lilivyo: "Kutokana na ajali iliyotokea, na kwa ajili ya usalama wao, wanafunzi wote wa kike na wanafunzi wote wenye ulemavu hawataruhusiwa kutumia mashine zinazozunguka hadi itakapoamuliwa vinginevyo."

Tulilisoma mara tatu. Mmoja wetu alicheka, akidhani ni mzaha wa wavulana wa mwaka wa pili. Kisha akaona muhuri.

Rada alisoma peke yake, kidole kikifuata mistari. Akatugeukia akauliza kwa mikono, "Na mimi?" Mtu aliyeizima mashine ile ndiye aliyeandikwa kwamba ni hatari kuwa karibu na mashine.

Tulikwenda ofisini kwa Mkuu wa Chuo, watu sita. Alitupokea vizuri, akatupa viti. Alituambia, "Mabinti zangu, ninawalinda. Wazazi wenu wakinipigia simu nitawaambia nini?"

Katibu wetu, ambaye ndiye anayesoma risala hii, alimuuliza: "Mkuu, mwaka juzi kijana mmoja alikatika kidole kwenye karakana ile ile. Wavulana walizuiwa?"

"Hilo ni jambo tofauti, mwanangu."

"Tofauti yake ni ipi, Mkuu?"

Aliangalia saa yake, akasema ana kikao. Tunalisema hili mbele yake kwa adabu zote, kwa sababu tulimwahidi kwamba hatutamsema nyuma ya mgongo wake.

TULIVYOHANGAIKA

Kila mwanafunzi wa mitambo anatakiwa awe na saa arobaini za mashine, zilizosainiwa, ndipo aruhusiwe kufanya mtihani wa mwisho wa vitendo. Mwenye saa nyingi kati yetu ana ishirini na sita. Mtihani uko siku kumi na tisa kuanzia leo. Asiyefanya hapati cheti, na asiye na cheti, hata akereze ekseli ya namna gani, anarudi nyumbani kuwa mtu aliyewahi kusoma uhandisi.

Hatukukaa kulia. Kuna fundi mmoja mtaani, mzee wa makamo mwenye mashine moja ya zamani, anatengeneza ekseli za mikokoteni. Tulimwendea tukamweleza. Alituangalia wote, wasichana kwa wavulana, magongo na viti, akauliza swali moja tu: "Mnajua kunoa kisu cha mashine?" Tukasema tunajua. Akasema, "Basi nani anaanza?"

Kila Jumamosi asubuhi tuko kwake, tunapokezana. Aliwahi kumuuliza Rada kwa ishara zake za kubuni kama haogopi, Rada naye akamrekebishia ishara. Sasa fundi anaongea kwa mikono kuliko kwa mdomo, wateja wanamshangaa.

Lakini saa za kwake chuo hakizihesabu. Tuliuliza. Tuliambiwa karakana yake haijasajiliwa.

Na mama yake Mikro, Mheshimiwa, hakuja chuoni kugomba kama tulivyoogopa. Alikuja na futi. Alitupima mmoja mmoja chini ya ngazi, akiandika kwenye daftari la shule, akituuliza, "Mwanangu, unainama hivi ukiwa kazini? Hebu inama tena." Wale wa viti aliwapima wakiwa wameketi, kwa sababu ndivyo wanavyofanya kazi. Wiki tatu baadaye alileta ovaroli thelathini na moja, za mikono inayobana kwenye kifundo. Ndizo tulizovaa leo. Tunamwomba asimame, yuko safu ya nne. Anakataa. Basi tumwache.

TUNAYOYAOMBA

Tunaomba tangazo lile liondolewe leo, si baada ya kikao. Tunaomba karakana ifunguliwe kwetu jioni na Jumamosi kwa hizi siku kumi na tisa, na mkufunzi wetu yuko tayari kukaa nasi. Alituambia mwenyewe, na tuna ruhusa yake kulisema. Tunaomba vitufe vyote vyekundu vijaribiwe kila Jumatatu kabla mashine haijawashwa, tena wajaribu wanafunzi, ili kila mkono uvijue. Tunaomba taa ya hatari inayowaka na kuzima, kwa asiyesikia king'ora. Tunaomba meza mbili zishushwe kwa wanaofanya kazi wakiwa wameketi. Stoo iwe na saizi za watu. Choo, Mheshimiwa, tumekiomba kwa risala nne, kwa hiyo tunakitaja tu ili kisije kikadhani tumekisahau.

Kuhusu Mikro, tulimuuliza juzi tumwombee nini. Tulikuwa tumeshaandika sentensi nzuri ya kuomba afikiriwe cheti bila mtihani. Akaisoma, akachukua kalamu, akaifuta.

"Msiniombee huruma," akasema. "Shafti yangu iko nusu. Niombeeni nikaimalize."

Tukamuuliza kama haogopi.

"Naogopa sana. Nikisikia hata blenda nashtuka. Lakini nataka kuogopa nikiwa pale, siyo nikiwa nyumbani."

Ana saa ishirini na sita. Ndiye yule mwenye nyingi.

Mgeni rasmi, tumebakiza jambo moja. Leo asubuhi tulipokuja kupanga viti tuliona mlango wa karakana mpya, ulikobandikwa nakala ya tangazo lile, umepambwa kwa kitambaa cha njano. Tulifurahi, tukajua tangazo limeng'olewa kabla hujafika. Mmoja wetu akainua pembe ya kitambaa. Tangazo lipo pale pale, limebandikwa upya, kwa gundi mpya. Limefunikwa tu lisikusumbue.

Tulirudi kupanga viti.

Dakika chache zijazo utaitwa kukata utepe. Kwa utaratibu ulivyo sasa, utaingia wewe, wataingia wageni, wataingia wanafunzi wengine, na sisi thelathini na mmoja tutabaki hapa kwenye viti tukipiga makofi. Tunakuomba, kabla hujashika mkasi, uinue kitambaa kile usome mwenyewe. Ukishasoma, utakaloamua tutalipokea tukiwa tumesimama mbele ya mlango huo.

Mwenyezi Mungu akupe afya, akulindie watoto wako popote wanapofanya kazi, na akurudishe nyumbani salama.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi,
Umoja wa Wanafunzi wa Kike na Wanafunzi Wenye Ulemavu,
Idara za Uhandisi.