Niliandika "Sina Kazi" kwa Mikono Inayonuka Ndagala

Yesu asifiwe, ndugu zangu! Na wale walioketi karibu na mlango waitike pia, maana ninyi ndio mlionisema zaidi. Leo sitasema kwa sauti ya chini, nawaambia mapema. Mungu amenitendea jambo kubwa, na nitalisema kichwa kikiwa juu.

Mnanijua: Mama Furaha, yule aliyekuwa anafagia na kupika chai katika ofisi ya shirika moja la misaada hapa Baraka. Nina diplome yangu ya sekondari, lakini nilishika ufagio na sikuona haya. Kisha mashirika yakaanza kufunga, leo moja, kesho lingine. Wakatuita uani, wakatushukuru kwa Kifaransa kizuri, wakapakia meza zao kwenye lori. Mume wangu, aliyekuwa mlinzi pale pale, akaenda kwenye machimbo ya dhahabu. Alisema ataita. Hata leo hajaita, na mimi nimeacha kuangalia simu.

Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Pikipiki zilipanga mstari bila abiria. Kila mtu alikuwa anauza, wa kununua hayupo. Nikashuka ufukweni kuanika ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, na bamama wengine. Miaka miwili, ndugu zangu! Kungoja mitumbwi asubuhi, kuosha, kutandaza juu ya vichanja, kugeuza, kukimbia na maturubai mvua ikitoka milimani. Na mtu akiniuliza siku hizi ninafanya nini, nilijibu, "Sina kazi. Niko tu." Nilikuwa nasema uongo huku mgongo unaniuma!

Uongo huo ukapanda hadi Fizi, kwa baba mkwe wangu. Huko wakakaa, wakaamua: mama hana kazi, baba hayupo, mtoto ni wa ukoo wetu. Furaha ana miaka minne. Wakatuma neno kwamba wakimaliza kuvuna maharagi watashuka kumchukua. Siku hiyo sikula. Na wako watu humu humu kanisani walioniambia, "Mupatie tu, utapumuzika." Nipumzike! Mtoto ni mzigo wa kuni?

Nikatafuta kazi kama mwendawazimu. Nilipeleka barua hadi soli za viatu zikaisha. Bwana mmoja mwenye tai aliniambia nirudi jioni, na nisilete barua. Nikamwambia amwite mama yake arudi jioni. Basi, hapo nikakosa.

Siku moja, jua la saa sita, nikigeuza ndagala peke yangu, hasira ikanijaa. Sikupiga magoti, mchanga ulikuwa unaunguza. Nikasali nimesimama: "Baba, mi nimechoka na hii maneno. Kama Furaha ataenda Fizi, ukuje Wewe mwenyewe unifasirie juu ya nini." Mchungaji anisamehe, ndivyo nilivyosali.

Wiki ile ile tangazo likabandikwa. Mfanyabiashara wa Uvira anafungua depo ya samaki hapa Baraka, anatafuta mtu mmoja wa kupokea ndagala, kazi ya kudumu. Nilipofika, watu walikuwa wamejaa hadi barabarani, wanaume na viatu vinavyong'aa, hata kijana aliyemaliza chuo kikuu Bukavu. Tukapewa karatasi ya kujaza. Penye "kazi yako ya sasa" niliandika nini? "Sina." Kwa mikono hii, ambayo hata sabuni haiondoi harufu ya ndagala!

Aliyetupokea ni mwenye biashara mwenyewe, mama Mwislamu, mtu mzima, wanamwita Hadja. Mbele yake kulikuwa na mabeseni matatu ya ndagala. "Onyesha yenye ungenunua," akasema, basi. Wanaume waliinama mmoja mmoja, wakanusa, wakasifu beseni linalong'aa. Mimi nilikunja mkono wa nguo, nikazamisha mkono ndani ya beseni hilo hadi kwenye kiwiko, mpaka chini kabisa. Mama yeyote wa ufukweni anafanya hivyo, maana anajua kwamba zile nzuri tunazipanga juu. Hata mimi nimezipanga, Mungu anisamehe! Nikatoa konzi ya chini, nikavunja moja, nikatafuna.

"Hii ya kung'aa, hapana," nikasema. "Ya chini ilinyeshewa, banaianika tena ku muchanga. Inalia mu meno. Nunua ile ya pembeni, ata kama iko na sura mubaya."

Hadja akachukua karatasi yangu, akaisoma, akaniangalia.

"Unaandika hauna kazi. Hii ulijifunza wapi? Mu ndoto?"

"Ku ziwa, Hadja. Miaka mbili. Lakini ile si kazi, ni mambo ya bamama tu."

"Mambo ya bamama!" Akacheka mpaka mtandio ukateleza. "Mi nilijenga nyumba yangu na ndagala. Sasa niko baba? Shika kalamu. Futa huu uongo."

Ndugu zangu, pale ndipo nilipofunguliwa! Wengine wanafunguliwa pepo. Mimi nilifunguliwa neno moja, "sina." Nililifuta hadi karatasi ikatoboka, nikaandika juu yake: mwanikaji wa ndagala. Siku ile ile Hadja akanipa kazi, na mkataba. Na msinung'unike kwamba Mungu alimtumia Mwislamu. Mimi niliomba msaada, sikumchagulia Mungu wa kumtuma.

Baba mkwe alishuka Jumamosi na shemeji yangu, wakiwa na begi tupu la nguo za mtoto. Niliwapa viti, nikawawekea bugali na samaki. Wakala wakamaliza.

"Mama Furaha," akasema baba mkwe, "tunakuja kuchukua mutoto. We hauna kazi."

"Niko nayo, baba. Tangu zamani nilikuwa nayo, ni mi sikuiita kazi."

Nikaweka mkataba mezani. Shemeji akausoma kwa sauti: mshahara wa kila mwezi, matibabu ya mtoto, muda usiojulikana, ndivyo mikataba inavyoita kazi ya kudumu.

"Aah!" baba mkwe akaruka. "Ata benyewe habajue itaisha lini!"

"Ni vile, baba. Mutangoja sana."

Alijitahidi asicheke, akashindwa. Lile begi nililijaza ndagala, kavu, nzuri juu na nzuri chini, akapanda nalo Fizi.

Asante Mungu wangu! Wewe mama unayekaanga mandazi, wewe unayelima mihogo, usiseme tena "niko tu." Mtegemee Mungu, na umwambie ukweli hata ukiwa na hasira. Hasira yangu hakuikataa. Anayetaka tuombe pamoja aje mbele sasa hivi, asione haya.

Na Furaha ndiye yule, benchi ya pili, anakula karanga katikati ya ibada. Leo simkatazi. Mwangalieni vizuri. Analala kwangu. Semeni amina, na iwe kubwa!